Nauza nyumba Mbezi Beach: nipande maua gani mbele kabla wateja hawajaanza kuja?

*"Bwana shamba, habari za kazi. Nauza nyumba yetu ya vyumba vitatu hapa Mbezi Beach. Ina uzio wa ukuta, na mbele kuna pavingi kutoka getini hadi barazani. Dalali anasema ndani ni nzuri ila nje imepooza, nikipanda maua bei itapanda. Nimetenga laki tano. Maji ni ya kisima, yana chumvi kwa mbali. Mwaka jana nilipanda mawaridi, majani yakaungua pembeni hadi yakafa. Mbele ya baraza kuna kipande cha udongo cha mita 6 kwa mita 1. Iksora nilizopanda pale karibu na ukuta zimekuwa za njano. Getini kuna bogonvilia kubwa, ile ya pinki iliyokolea, imejaa majani tu ingawa naimwagilia kila siku. Ukuta ni krimu, bati ni la bluu. Sasa ni mwanzo wa Agosti, nataka wateja waanze kuja katikati ya Oktoba. Nipande nini?"*

Salama, na asante kwa kutaja maji, rangi ya bati na tarehe. Bila hayo matatu mtu anaweza kukupa orodha ya maua arobaini na yote yakafia mikononi mwako.

Tuanze na bei, maana hapo dalali amekuambia nusu tu. Hakuna mnunuzi wa Dar atakayeongeza milioni kwa sababu ya maua. Anayenunua nyumba Mbezi anauliza hati, ukubwa wa kiwanja, barabara ikoje, maji ya DAWASA yanafika au hayafiki, na masika yakipiga maji yanakwenda wapi. Kazi ya maua inafanyika kabla ya maswali hayo. Nyumba yako ataiona kwanza kwenye simu, dalali amemrushia picha za nyumba kadhaa zinazofanana: ukuta, bati, pavingi. Mbele ikiwa na uhai, yako ndiyo atakayoiulizia. Akifika getini, anaamua mapema kama nyumba ilikuwa na mtu wa kuitunza au ilitelekezwa, na anaingia ndani na hukumu hiyo. Aliyeridhika nje akiona kitasa kimelegea anasema kitakazwa. Aliyeingia na shaka anaanza kukutolea makosa ili akushushe. Faida ya maua ni hiyo, si ndogo, lakini usiitegemee zaidi ya hapo na usizidishe hizo laki tano.

Habari njema ni kwamba ua lako kubwa kuliko yote tayari unalo. Ni bogonvilia ya getini, na haichanui kwa sababu unaipenda kupita kiasi. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, umezoea kipindi cha mvua kikifuatiwa na ukame. Ukiunywesha kila siku hauoni sababu ya kuchanua. Nguvu yote inakwenda kwenye majani na yale machipukizi marefu yenye miiba yanayotoka kwa kasi. Mbolea ya naitrojeni, yaani urea, CAN au samadi mbichi, inafanya vivyo hivyo. Halafu inachanua kwenye matawi machanga, si kwenye mbao za zamani, kwa hiyo isiyopogolewa hubaki na maua machache huko juu kabisa ambako hakuna anayeyaona. Hiyo pinki yenyewe si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi, ua halisi ni kale kadogo keupe katikati, ndiyo maana rangi hudumu wiki kadhaa wakati waridi linapukutika ndani ya siku chache.

Ipogolee wiki hii au ijayo, usichelewe. Kutoka kupogoa hadi kujaa rangi ni wiki sita hadi nane, kwa hiyo ukikata katikati ya Agosti unafika mwanzoni mwa Oktoba. Vaa glavu nene na mikono mirefu. Toa kwanza matawi makavu ya ndani, kisha machipukizi marefu yaliyosimama, halafu punguza theluthi moja ya urefu wa matawi yaliyobaki, ukikata juu kidogo ya kifundo cha jani. Usiikate hadi mashina makuu kwa kutaka iwe nadhifu. Itachukua miezi kurudi na Oktoba itakukuta na vijiti. Ikifika wiki ya tatu, chipukizi jipya lenye urefu wa sentimita 15 likate ncha ili litoe matawi mawili au matatu, kila moja na maua yake. Fanya hivyo mara moja tu, kisha acha. Maji: mwagilia kwa wingi siku ya kupogoa, baada ya hapo subiri hadi majani yaanze kulegea kidogo mchana. Kwa mti uliokwisha kushika mizizi ardhini, kila siku 10 hadi 14 zinatosha katika kiangazi hiki. Kama kuna mwembe wa jirani unaoitia kivuli, maji na mkasi havitasaidia sana. Inahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita kila siku. Tawi la mwembe likizidi uzio, zungumza na jirani kwanza. Na kama tawi lolote linagusa waya wa umeme, usipande ngazi, waite TANESCO.

Iksora sasa. Ziangalie kwa karibu. Kama majani machanga ya juu ndiyo ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Majani ya zamani ya chini yakitangulia kuwa njano, hiyo ni njaa ya naitrojeni, ugonjwa mwingine kabisa. Kwa kuwa ziko karibu na ukuta, naegemea la kwanza. Mafundi wanapomaliza plasta, saruji iliyobaki, chokaa na vipande vya tofali hufukiwa palepale chini ya ukuta, na saruji hupandisha alikali ya udongo. Chuma kimo ardhini lakini kimejifunga, mizizi haiwezi kukinyonya. Pima mwenyewe: chukua udongo mkavu kijiko kimoja kutoka sehemu tatu au nne za kipande hicho, mwagia siki ya jikoni. Ukitoa povu na mlio, una chokaa. Udongo wenye mawe ya matumbawe au vipande vya makombe nao utatoa povu, na maana kwa iksora ni ileile.

Dawa ya kupuliza majani yenye chuma inauzwa maduka ya pembejeo na hurudisha kijani kwenye majani mapya katika wiki chache, ila yaliyokwisha kuwa njano hayarudi vizuri. Kwa muda ulio nao, usihangaike. Zing'oe, zihamishie uani nyuma kwenye udongo safi ukitaka kuziokoa, maana mmea wa njano mbele ya baraza unasema vibaya kuliko nafasi tupu.

Mawaridi yaliuawa na maji. Jani linapotoa unyevu hewani, maji huondoka na chumvi hubaki. Inajikusanya pale safari ya maji inapoishia, yaani kwenye ncha na kingo, ndiyo maana kuungua kulianzia pembeni. Kumwagilia kidogo kila siku kunazidisha tatizo: maji yanalowesha sentimita chache za juu, jua linayakausha, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Ni afadhali kumwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na kumwagilia kwenye shina, si kunyunyizia majani. Kabla hujanunua miche, peleka chupa ya maji yako maabara ipimwe kiwango cha chumvi kwa upitishaji umeme. Ukipewa jibu chini ya 0.7 desisiemensi kwa mita, panda unachotaka. Kati ya 0.7 na 3, chagua mimea inayovumilia. Zaidi ya 3, sahau bustani ya ardhini, weka vyungu vichache unavyovinywesha maji ya bomba au ya mvua. Hata maji yakiwa safi, waridi nisingelirudia hapa: joto na unyevunyevu wa pwani huliletea madoa meusi ya majani kila mara. Liache Arusha na Iringa linakostawi.

Kile kipande cha mita 6 kitengeneze hivi. Sentimita 30 zinazogusana na ukuta wa baraza usipande kitu. Chimbua takataka za ujenzi, weka kokoto. Huo mkanda unazuia matope kurukia rangi wakati wa mvua na unayaweka maji ya kumwagilia mbali na ukuta. Maua yakipandwa yakigusana na ukuta na kumwagiliwa kila siku, unyevu unapanda, rangi inavimba na kubanduka, mnunuzi anaona na kusema nyumba ina fangasi. Uso wa udongo wa bustani uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Usitandaze maganda ya mbao au pumba za randa karibu na ukuta, utaalika mchwa.

Zinabaki sentimita 70. Pale ambapo siki ilitoa povu, ondoa udongo hadi kina cha sentimita 25 na ujaze udongo mwekundu. Ikibidi uondoe wote ni kama mita moja ya ujazo, yaani toroli 15 au 16. Pasipo na povu, lima tu kina hichohicho. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, debe moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo madebe manne. Iliyooza ni nyeusi, inavunjika mkononi, haina harufu kali. Inayonuka bado itaunguza mizizi, na ikiwa imetoka zizi lenye chumvi ya kulamba itakuongezea chumvi ambayo tayari unayo.

Mstari wa nyuma panda sansiveria, ile ya majani marefu yaliyosimama wima yenye kingo za njano, miche 15 kwa nafasi ya sentimita 40. Inavumilia chokaa, chumvi na kusahauliwa. Mbele yake panda vinka nyeupe, ile ya maua madogo ya petali tano, mistari miwili ya kupishana, sentimita 25 kati ya mche na mche. Zitaingia 48, nunua 55, saba ziwe akiba. Nunua miche iliyo kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki, si mbegu: vinka ya mbegu inahitaji karibu miezi mitatu kuchanua na wewe huna. Ipande mwanzoni mwa Septemba, ikifika Oktoba itakuwa imefumbatana.

Kwa nini nyeupe? Una bati la bluu na bogonvilia ya pinki iliyokolea. Ukiongeza nyekundu na rangi ya chungwa, mbele itakuwa na kelele. Isitoshe, kamera ya simu juani hugeuza ua jekundu kuwa doa lisilo na umbo, na jioni jekundu linazama gizani mapema. Nyeupe juu ya majani ya kijani kibichi inaonekana saa zote. Wateja wengi watakuja jioni wakitoka kazini, na hapo ndipo potulaka inapokuangusha: ni ua zuri sana na linavumilia chumvi, lakini hufunguka jua likipanda na mchana ukiisha limekwisha kufunga. Mteja wa saa kumi na moja ataona majani tu. Kinyume chake asumini, ambayo matumba yake hufunguka jioni na kutoa harufu. Mche mmoja kwenye chungu kando ya kiti cha barazani, ukinyweshwa maji yasiyo na chumvi, utafanya kazi kuliko pafyumu yoyote ya kupuliza sebuleni.

Kitaluni, uliza miche ilikuwa wapi. Vitalu vingi vya kando ya barabara hukuzia chini ya neti ya kivuli. Mche ukitoka huko moja kwa moja hadi kwenye pavingi inayochoma, majani yanababuka siku ya pili na mtu anadhani ni ugonjwa. Uweke kwanza kwenye jua la asubuhi tu, kisha ongeza muda kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Geuza kiriba uangalie chini. Mizizi iliyotoka nje kwa wingi na kujizungusha inaonyesha mche umezeekea mle. Siku ya kupanda fanya jioni: lowesha kiriba, kata kitako chake, weka shimoni, pasua ubavu kwa wembe kisha uvute plastiki kutoka juu huku udongo ukiushikilia. Usiung'oe mche kwa kuuvuta shingo. Ajabu ni wangapi hupanda na kiriba chake, halafu baada ya miezi miwili wanauliza mbona haukui.

Vinka ina adui mmoja mkubwa, kuoza mizizi. Ukiona mche umenyauka ghafla wakati udongo umelowa, usiongeze maji. Ng'oa, tupa mbali, acha shimo likauke, weka wa akiba. Mwagilia alfajiri, kila baada ya siku mbili au tatu zikishashika, ukitumbukiza kidole kwanza: kikitoka na udongo wenye unyevu kwenye kina cha sentimita 3, acha. Mbolea ya NPK 17:17:17 inatosha mara moja, wiki ya tatu baada ya kupanda, nusu ya kisoda kwa mche, iwe mbali na shina kwa upana wa vidole vinne, kisha maji.

Pande mbili za mlango weka vyungu viwili vinavyofanana. Wengi hukosea hapa kwa kuweka vikopo kumi vya ukubwa tofauti. Kwenye picha vinaonekana kama vitu vilivyosahauliwa. Chungu cha upana wa sentimita 40 na kimo hichohicho kinabeba lita 50 za udongo na kikilowa kinapita kilo 70, basi kiweke mahali pake kabla ya kukijaza. Kiwe na matundu manne chini. Ndani weka adenia, wengine huiita waridi la jangwani. Ni mmea wa Afrika Mashariki hasa, unapenda joto na hausumbuliwi na ukame. Changanya nusu mchanga mnene wa mtoni, robo udongo mwekundu, robo samadi iliyooza. Samadi ikizidi shina linalainika na kuoza. Utomvu wake una sumu, kwa hiyo nawa mikono baada ya kukata, na chungu kikae mbali na mchezo wa watoto. Oleanda ni hatari zaidi, sumu iko kila sehemu yake, sioni sababu ya kuipanda mbele ya nyumba utakayoonyesha familia za watu.

Sahani za chini ya vyungu ziondoe. Maji yakituama humo mbu wanatoka ndani ya siku kama 7 hadi 10, tena ni wale wa mchana wanaoeneza dengue, na Dar imeshapata milipuko mwaka 2014 na 2019. Mnunuzi anayejipiga makofi miguuni barazani hakai kuzungumza bei.

Nyasi sizizungumzii sana. Ukoka wa kupandikiza hautafunika vizuri kwa wiki kumi bila maji mengi. Pavingi uliyonayo inatosha: ng'oa magugu kwenye viungo, piga brashi penye ukungu wa kijani, osha matope yaliyorukia chini ya ukuta. Geti lipake rangi, na lipakwe kabla ya kupanda chochote, kwa sababu fundi rangi akija baadaye atasimamisha ngazi juu ya vinka zako. Kwa bajeti yako, tanguliza udongo na samadi, halafu rangi ya geti, halafu vyungu, miche iwe mwisho. Wengi hufanya kinyume na ndipo miche ya bei inapokufa kwenye kifusi. Nje ya uzio usijenge kitu wala usimimine zege la bustani. Ile ni hifadhi ya barabara na unaweza kuamriwa uondoe.

Lipo jambo moja ambalo mtu wa maua hawezi kukusaidia. Kama ulikuwa unafikiria kupandisha mmea wa kutambaa ufunike ufa au ukuta wenye unyevu, acha. Mnunuzi makini au fundi wake atafunua majani, na kuanzia hapo hataamini hata vyumba vilivyo vizima. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopita milimita 5, mwite mhandisi wa majengo aje auone kwa macho. Fikasi au mti mwingine mkubwa ukiwa karibu na shimo la maji taka au umeanza kuinua pavingi, pata mtu wa kuukagua kabla ya kuukata, maana kuung'oa vibaya kunaweza kuvunja bomba. Na bei ya kuuzia usiichukue kwa dalali peke yake. Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini atakupa thamani unayoweza kuitetea mezani.

Picha zipige wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla vuli haijakolea, kwani mvua kubwa huangusha rangi ya bogonvilia kwa siku moja. Kama mbele kunatazama mashariki, piga saa mbili asubuhi. Magharibi, saa kumi na nusu jioni. Gari litoke nje, ndoo na kamba za nguo ziondoke, simama getini simu ikiwa mlalo usawa wa kifua. Usitie vichujio vya kukoleza rangi. Mtu akija akakuta pinki ni nusu ya aliyoiona, atajiuliza na vyumba vilipigwaje.

Siku za kupokea wateja fagia asubuhi na jioni, bogonvilia iliyochanua vizuri hupukutika kila siku. Mkishapatana bei, andikeni kwenye mkataba vyungu vipi vinabaki na vipi unaondoka navyo, na nani atamwagilia hadi siku ya kukabidhiana funguo.